Kidonda cha Chumvi

Juzi nilimsindikiza mjukuu wa jirani yangu hospitali, Singida mjini. Binti huyo ana ualbino, na mama yake alikuwa amekwenda msibani, basi nikabebeshwa mimi mzee. Daktari, mwanamke kijana aliyevaa raba, alimwangalia shingoni akaona kidoa kidogo kama punje ya ulezi. Akasema hakimpendezi, akampiga ganzi, akakikata, akashona. Mimi bado nahangaika kukaa vizuri kwenye benchi, mtoto huyo anatoka anadai soda! Nikamnunulia. Halafu nikajikuta nalia mbele ya watu, nao wakadhani nimefiwa. Nimefiwa, ndiyo, ila ni zamani sana, rafiki yangu, wakati Mwingereza ndiye anayetawala nchi hii.

Kwetu ni Misigiri. Enzi hizo, mtama ukishaingia ghalani, nyumba yetu ilikuwa inahama. Tuliteremka mlima wa Sekenke kwa miguu, vyungu kichwani, tukapita Shelui tukaenda zetu mbugani, kwenye ardhi ya chumvi. Tulikaa kule kiangazi chote, kwenye vibanda vya nyasi, tukichemsha chumvi ya kula na ya kubadilishana na watu wa mbali. Mtoto wa leo ukimwambia chumvi ilikuwa inapikwa anakuangalia kama umechanganyikiwa.

Wanawake walikwangua udongo kwa vipande vya kibuyu, wakaujaza kwenye kapu lililotandikwa nyasi, wakamimina maji juu. Chini ya kapu kulikuwa na chungu, na yale maji ya chumvi yalidondoka to, to, to, mchana kutwa, mpaka ukilala unayasikia masikioni. Yakishajaa, yanapelekwa motoni. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuni na kufukuza mbuzi. Jioni tulikula ugali wa mtama na kambare wa kuchoma, na chumvi mpya, bado ya moto, unaichota kwa kidole. Ah! Tangu hapo sijawahi kula kitu kitamu vile, na nimekula pilau za harusi nyingi tu.

Moto ulikuwa wa shangazi yangu, mdogo wake baba. Moto ukizidi, chumvi inaungua na kuwa chungu, ukipungua haigandi. Shangazi alijua kwa kusikiliza chungu tu. Alikuwa anainamisha kichwa, anasikiliza, anasema, "Toa kuni mbili," na ukitoa mbili chumvi inakuwa nyeupe pe. Watu wa makambi mengine walikuja kumwazima kama unavyoazima kinu.

Naye alizaliwa na ngozi nyeupe. Siku hizi tunasema mtu mwenye ualbino. Wakati ule walisema zeruzeru, tena mbele yake, bila aibu. Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, alipopita mbugani na maaskari wake, wanawake walimtania shangazi, "Wifi, ndugu yako amekuja, nenda kamsalimie!" Na yeye, bila hata kugeuka, anawajibu, "Mwambieni basi aniachie ile kofia yake, si ndugu yangu?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Leo sicheki. Ile kofia ilikuwa pana, inafunika masikio yote mawili, na shangazi yangu alikuwa na kaniki iliyochakaa tu kichwani, ambayo aliishusha kila alipotaka kusikiliza chungu. Na jua la kule lilikuwa linampiga mara mbili, kutoka juu, na kutoka chini kwenye ule udongo mweupe.

Sasa sikiliza jambo la vidonda. Hakuna aliyekwenda kwenye chumvi akarudi mzima. Vidole vilipasuka, midomo ilipasuka, mvuke uliunguza mashavu, na yale maji yakiingia kwenye mkwaruzo mdogo tu, panakuwa kidonda. Tuliviita vidonda vya chumvi. Dawa yake haikuwepo na wala haikutafutwa. Mvua ikinyesha, kazi inakwisha, maji ya mvua yanakuosha, na baada ya muda mfupi umepona. Ilikuwa hivyo kwa bibi, na kwa mama yake bibi. Mtu aliyelalamikia kidonda kabla ya mvua alionekana mvivu anayetafuta njia ya kukimbia kazi.

Cha shangazi kilianzia mbele ya sikio la kushoto. Kidogo, kigumu, kina gamba juu. Alikibandua gamba, likarudi. Siku moja tunakula, akasema, "Mama, hiki si cha chumvi. Cha chumvi kinawasha. Hiki hakiwashi, na kilikuwepo kabla hatujateremka. Nataka niende kwa madaktari wa misheni wakitazame."

Bibi hakuwa mtu mbaya, naomba unielewe. Shangazi alipozaliwa, watu walimwambia bibi maneno yasiyofaa kurudiwa, na bibi aliwafukuza kwa mchi. Alimpenda kuliko baba yangu, na baba alilijua hilo. Lakini alitazama mikono yake mwenyewe iliyopasukapasuka, akatazama yetu, akasema, "Mwanangu, nani hapa hana kidonda? Subiri mvua."

Baba akaongeza, "Mvua ikinyesha kikabaki, nitakupeleka mwenyewe."

Hospitali ya misheni ilikuwa kule juu, kwa mguu ni safari ya kulala njiani. Na nani angeshika moto? Hakuna aliyelitamka hilo, lakini wote tulilijua. Shangazi akanawa, akarudi kwenye chungu chake.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Mawingu yalikusanyika upande wa Shelui, yakatutazama, yakaondoka. Wanaume walisema kiangazi kirefu ni chumvi nyingi, wakafurahi! Gamba likawa kidonda, kidonda kikawa kama sarafu, kikaanza kula nyama chini ya sikio. Nzi wakamjua. Akawa anajifunga kaniki kwa nguvu upande ule, na tukikaa kula, anahamia mwenyewe kule upepo unakoelekea, ili harufu isitufikie. Hakuna aliyemwambia ahame. Hakuna aliyemwambia arudi pia, na hilo linaniuma mpaka leo hii nikikusimulia.

Hatimaye ikanyesha. Mvua ya kwanza wanawake walikuwa wanatoka nje, wananyoosha mikono, wanapiga vigelegele, kila mmoja anamwonyesha mwenzake vidonda vyake kama anayeagana navyo. Shangazi alifungua kaniki, akainua uso, akasimama mvua inampiga kidondani. Alisimama hivyo muda mrefu baada ya wengine kuingia vibandani. Bibi alikuwa mlangoni anamtazama.

Tulirudi Misigiri. Mikono ya bibi ikapona. Midomo yangu ikapona. Baba akaazima baiskeli ya mwalimu, akampakia shangazi nyuma, bibi na mimi tukafuata kwa miguu, mimi nimebeba sufuria na unga, maana hospitalini mgonjwa alikuwa anapikiwa na watu wake.

Daktari alikuwa Mzungu mzee, Kiswahili chake cha polepole. Alifungua kaniki, akapapasa shingo chini ya taya, akarudia kupapasa palepale. Akauliza kilianza lini. Shangazi akamwambia ukweli. Daktari akavua miwani.

"Kingekuwa kidogo, ningekikata, ungerudi nyumbani," alisema. "Mbona hamkuja?"

"Tulikuwa tunasubiri mvua," bibi akamjibu.

Daktari akamgeukia nesi, akidhani hakusikia vizuri. Nesi, msichana wa Kinyiramba kama sisi, alijua kabisa bibi amesema nini, lakini aliendelea kukunja bandeji. Ungemweleza vipi mtu yule?

Walimkata. Waliondoa sikio, na nyama ya chini yake, na ngozi ya paja wakaibandika pale. Daktari alisema wazi kwamba uvimbe wa shingoni ameshindwa kuumaliza. Shangazi alipozinduka aligusa bandeji, akaniuliza mimi, si wakubwa, "Sikio wameliacha?" Nikatikisa kichwa. Akageukia ukutani.

Aliishi mpaka kiangazi kilichofuata. Shingo ilivimba, akawa anakula uji tu, halafu uji nao ukashindikana. Mwaka huo hatukuteremka mbugani. Majirani walikwenda, wakatuletea fungu la chumvi, ya kijivu, chungu. Alionja kidogo kwenye ncha ya ulimi, akasema, "Moto mkali," na akatabasamu upande mmoja, maana upande wa pili ulikuwa umekufa. Tulimzika mtama wetu ukiwa bado uwanjani, maana hakuna aliyepata nafasi ya kuupura.

Baadaye chumvi ya viwandani ikaja madukani, nyeupe, ya kupima kwa kikombe, na makambi yakaisha moja baada ya jingine. Leo ukienda kule ni ng'ombe tu, na upepo. Vyungu vyetu vilivunjika, vibanda vikaliwa na mchwa, na wale mawifi waliotania wote wako ardhini. Sililii kazi ile. Ilikuwa kazi ya kuua watu.

Ninayemlilia zaidi, nisikufiche, ni bibi. Baada ya mazishi alianza tabia mpya. Kila jioni aliwaita watoto wote, wetu na wa majirani, akatukagua: nyuma ya masikio, shingoni, kwenye nyayo, hata kichwani akipasua nywele kwa vidole. Mkwaruzo wa mwiba tu, kesho yake anakubeba hospitali. Manesi walimcheka, mama zetu walichoka naye, yeye hakujali. Tulijipanga tukichekacheka maana vidole vyake vilikuwa vinatekenya. Na alipomaliza mtoto wa mwisho na kumpiga kofi dogo la mgongoni aende akacheze, hakuondoka. Alibaki palepale kwenye kigoda, mikono imeinuka kidogo, anatazama njiani, kama vile kuna mmoja hajaja.