Wepukhulu na Mtaro wa Kizuizi cha Saba

Wepukhulu alikuwa saisi kwa miaka kumi na tisa kabla hajajua kwamba kumtunza farasi na kumpanda farasi ni kazi mbili, na moja kati ya hizo huvunja mbavu. Farasi wake, Tulia, yeye alimjua kutoka kwato hadi masikio. Alimlisha, alimsugua, alimpeleka mtoni kila asubuhi akimwimbia nyimbo za kanisa. Lakini kuruka naye? Wapi! Kuruka ilikuwa kazi ya wazungu, na wazungu wa shamba lile walishauza wakaenda zao.

Aliyelinunua ni Mzee Kiprotich, na alilinunua na vyote vilivyokuwamo: trekta bovu, birika tatu zisizo na vifuniko, na farasi wanne. Farasi watatu wakafa mmoja mmoja. Akabaki Tulia, na wazee wa Eldoret wakapata la kucheka. "Kiprotich, huyo mnyama hakamuliwi, haliwi, unamfugia nini?" Mzee akavumilia, akavumilia, mwaka wa themanini na tatu akachoka. Akamwita Wepukhulu.

"Kuna mashindano ya farasi upande wa Chepkoilel, mwezi wa nane. Wako na kundi la wanaoanza. Tulia akimaliza, anakaa. Asipomaliza, Murunga anamchukua."

Murunga alikuwa mtu wa mbao kule Timboroa. Alitaka farasi wa kuvuta magogo msituni, kwenye baridi ile inayoingia mpaka kwenye meno. Aliyekuwa naye kwanza alivuta miezi mitano, akalala chini, hakuinuka. Wepukhulu aliijua habari hiyo vizuri.

"Na nani atampanda, Mzee?"

"Kwani wewe miguu umepewa ya nini?"

Basi akaanza kujifunza akiwa na miaka arobaini na mmoja, umri ambao watu wenye akili huanza kujifunza kukaa kwenye kiti. Alilaza magogo nyuma ya josho la ng'ombe. Siku ya kwanza Tulia aliruka, yeye akabaki. Siku ya pili yeye aliruka, Tulia akabaki. Kila jioni mkewe, Namalwa, alimchua mgongo huku akicheka mpaka anapaliwa. Ilipofika wiki ya sita, alikuwa ameacha kumvuta Tulia mdomo na kumfundisha kazi anayoijua. Wakaanza kuruka pamoja, na kutua pamoja, jambo ambalo lilimfurahisha kuliko Krismasi.

Sheria zenyewe hazikuwa ngumu. Vizuizi kumi na viwili, vimetawanywa mashambani: magogo, ua, mitaro. Unapita bendera nyekundu ikiwa kulia kwako na nyeupe kushoto. Farasi akikataa mara tatu, kwaheri. Ukipitisha muda, kwaheri pia.

Sasa, Namalwa alikuwa na mama. Aliitwa Nabwire; mimi jina lake nalitaja kwa sababu si mkwe wangu. Wepukhulu hakuthubutu. Kwa Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Ukimwona njiani unaingia kwenye mahindi, naye anaingia kwenye mahindi ya upande wa pili. Hiyo si chuki, ni heshima, ingawa kwa Nabwire chuki kidogo ilikuwamo. Alikuwa hajamsamehe binti yake kuolewa na mtu wa mavi ya farasi. Wiki ile alikuwa ametoka Kimilili kuona wajukuu, akasikia habari ya mashindano, akasema haondoki. "Nataka nimwone akianguka," alimwambia Namalwa bila kuficha.

Lakini alikuwa mtu wa adabu zake. Aliwaza hivi: mashindano ni kama michezo ya shule, wanazunguka pale mbele ya watu. Akikaa mbali na watu, atakuwa mbali na mkwe, na bado ataona. Kwa hiyo, wakati mwenyekiti wa chama tawala akitoa hotuba ya saa nzima na vijana wake wakikagua kadi za chama getini, wakakaribia kumdai hata Tulia yake, Nabwire alipita nyuma ya miti ya miwati hadi mwisho wa shamba. Palikuwa kimya. Palikuwa na gogo lililolazwa juu ya mtaro, vibendera viwili, na mwamuzi mmoja, Ouma, amesinzia na daftari lake. Akaona hapo ndipo pazuri.

Wepukhulu alivuka vizuizi sita kama mtu aliyezaliwa kwenye tandiko. Akapinda kwenye miwati, akaona gogo la saba, na kando ya gogo akaona leso anayoijua.

Nabwire naye akageuka. Yarabi! Mahindi hayapo, kichaka hakipo. Akajifunika leso kichwani, akajitupa mtaroni, chini ya gogo lenyewe.

Kukutana na mama mkwe ni aibu. Kumruka na farasi hata sijui wazee wangeanzia wapi kukutakasa. Wepukhulu akavuta hatamu kwa nguvu zote, Tulia akasimama, na haraka wakageuka kutazama upande mwingine.

"Amekataa! Moja!" Ouma akazinduka.

"Tulia," Wepukhulu akamwambia farasi kwa sauti, "mwambie mama aliye chini atoke tafadhali, muda unaniishia."

"We farasi," sauti ikatoka mtaroni, "mwambie huyo mtu sitoki akitazama."

"Mwambie sitazami."

"Mwambie namjua. Atatazama."

Wepukhulu akavua koti, akajifunika kichwa chote. Akasikia mama wa watu anapanda, anateleza, anarudi matopeni. Anapanda tena. Kila dakika ilikuwa inamsogeza Tulia Timboroa, na alilijua hilo, na alilia humo ndani ya koti. Lakini hakugeuka.

"Farasi," sauti ikasema hatimaye kutoka kwenye miwati, "mwambie apite."

Walimaliza vizuizi vyote vilivyobaki bila kugusa hata kimoja. Muda ulikuwa umekwisha zamani. Murunga alikuwa amesimama pale mwisho na kamba mkononi.

"Mlikuwa wapi?" Mzee Kiprotich akauliza.

Ouma akafika na daftari lake, akasoma: "Kizuizi cha saba. Mpandaji amesimama, amejifunika koti, amezungumza na farasi." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wepukhulu, macho chini, akaeleza yote, mtaro na leso na matope.

"Hizo ni habari zenu," Murunga akasema, akisogea na kamba. "Hakumaliza. Tulielewana."

Mzee Kiprotich alikuwa hacheki.

"Mimi nimeozesha mabinti watatu," akasema. "Mmoja ameolewa na daktari. Huyo daktari akimkuta mke wangu barabarani na mzigo kichwani, anampigia honi atoke njiani. Murunga, rudi na kamba yako. Huyu farasi haendi popote, na huyu mtu pia."