Uzi Urudi Kichwani

Kofia ya kudarizi kwa mkono ina vipande viwili tu: ukanda unaozunguka kichwa, na kifuniko cha duara cha juu. Ukishaviunganisha umemaliza, na ukikosea hapo huna la kufanya, kofia imeharibika. Mimi nimezaliwa Lamu, ambako wanaume hukaa na sindano na kitambaa cheupe huku wakipiga soga, na aliyenifundisha ni ami yangu, ndugu mdogo wa baba. Mtu mkali yule. Futi ya fundi cherehani hakuitaka hata kuiona. Alipima kichwa kwa uzi: anauzungusha juu ya masikio, anafunga fundo pale ncha zinapokutana, anautia koponi. Kabla ya kuunganisha vile vipande viwili, mwenye kichwa lazima aitwe mara ya pili. "Uzi urudi kichwani," alikuwa akituambia, na ukibisha unakula kofi la kisogo.

Nilikula makofi mengi, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Hapa Toronto mimi ni mfanyausafi wa jengo la ofisi, na mke wangu anatunza wazee. Tunaishi Regent Park. Mwanetu wa pekee anafanya kazi ya kompyuta na amehamia Markham, nje ya jiji, kwenye nyumba ambayo bila gari huwezi hata kununua mkate. Tangu alipoanza shule tunaongea hivi: mimi namwambia kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza. Anaelewa kila kitu, lakini ulimi wake umeshazoea hivyo, na kwa kweli jambo hilo limeniuma miaka mingi. Kitu cha kuniomba pia hakuwa nacho. Nguo ananunua, simu ananunua, na mimi tangu ile baiskeli ya utotoni sikuwahi kuwa na kitu anachokitaka.

Basi alipokuja kutuambia anaoa, akanigeukia na kusema kwa Kiswahili, polepole, "Baba, siku ya nikaha nataka kofia uliyoshona wewe." Nilisimama nikaenda jikoni kujifanya natafuta maji. Sikutaka anione.

Nilimpima siku ya Idi baada ya chakula, palepale mezani. Wakati huo alikuwa amefuga nywele, kichaka kizima, na nilishamsema mpaka nikachoka. Nikazungusha uzi, nikafunga fundo, nikautia kwenye kopo la majani ya chai. Kitambaa nilikifua kwanza kisije kikasinyaa baadaye. Nikapiga hesabu: maua kumi na moja yanaenea ukanda mzima bila kubakiza hata nafasi ya punje. Halafu nikaanza.

Miezi mitano. Nilishona kwenye tramu, nilishona saa ya mapumziko katika chumba cha ndoo na mifagio, nilishona nikisubiri daktari wa meno. Mama mmoja wa Kizungu kwenye tramu aliniuliza kama namshonea mjukuu. Nikamwambia namshonea bwana harusi, akafurahi kuliko hata jamaa zangu. Mke wangu yeye alikuwa na mashaka yake. Alisema mkono wangu umekaa miaka ishirini bila sindano, na kwamba wageni watataka pilau, hawatakula maua. Siku moja nikakuta kopo halipo mahali pake. Kumuuliza, akasema alikuwa anapangusa vumbi.

Zikabaki siku kumi. Jumamosi asubuhi nikatandika shuka safi mezani, nikaweka ukanda huku na kifuniko kule, nikatunga uzi. Mke wangu akapita na kikombe chake cha chai, akaniuliza kama nimempima tena.

Nikapandwa na mori. Nikamwambia kazi hii nimeianza kabla sijamjua yeye, kichwa cha mtu mzima hakikui, na kutoka hapa hadi Markham ni tramu, treni na basi mbili. Alikunywa chai yake akiangalia dirishani, na mimi namjua, akifanya hivyo ujue ameshashinda. Nikaichoma sindano kwenye kitambaa. Mkono ukagoma. Nilihisi kisogo kinawasha, wallahi, pale pale pa ami yangu.

Nikavaa koti, nikachukua kopo.

Saa moja na nusu baadaye mwanangu akafungua mlango. Kichwa kilikuwa kinang'aa! Kipara kitupu. Alikuwa amenyoa kwa ajili ya harusi, na amefurahi, anakipapasa, anasubiri nimsifu. Mimi huyu niliyemsema mwaka mzima anyoe. Nikatoa uzi bila salamu, nikamvisha. Ukamteremka hadi kwenye nyusi, ukamlalia juu ya pua.

Lahaula. Nilianza kumfokea yeye, nikahamia kwa kinyozi, kisha nikamfokea aliyebuni wembe. Mwanangu alisimama na uzi puani. Nilipoishiwa pumzi akasema, "Kichwa ni kile kile, Baba. Nywele ndizo zimeondoka." Akaanza kucheka, na mimi nikataka kukasirika zaidi lakini nikashindwa. Hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Kama ningeunganisha asubuhi ile, angekaa mbele ya kadhi na kofia imemziba macho, na kazi ya miezi mitano ingekwenda kabatini.

Nikafunga fundo jipya. Kati ya fundo la zamani na hili palikuwa na vidole viwili.

Nikarudi na tatizo langu kwenye basi. Huwezi kukata vidole viwili tu, utakata ua katikati, na ua lililokatwa kila mtu analiona. Ua moja na nafasi yake ni vidole vitatu. Nikifumua ua zima, ukanda utapungua kidole kimoja. Tulikuwa bado hatujafika kituo cha treni nilipopata jibu, nikapiga goti langu kwa furaha hadi jirani wa kiti akasogea: nifumue ua zima, halafu nyuma, pale ncha zinapokutana, nijaze kidole kimoja kwa mstari wa vitobo vidogo, kama mlingoti kati ya maua. Itaonekana ndivyo nilivyokusudia.

Kufumua ua moja kulinichukua siku mbili, na kuliniuma. Mstari wa vitobo siku nne. Mke wangu alinipikia mahamri. Nikafua, nikatia wanga, nikaanika juu ya bakuli, nikapima kwa uzi, nikapima tena, kisha nikapanda tramu, treni na basi mbili kumpima mara ya tatu, sasa kwa ukanda wenyewe. Ukakaa. Nikamwambia ainame, aruke, atikise kichwa. Akafanya vyote sebuleni kwake, mtu mzima na kazi yake. Hapo ndipo nilipounganisha.

Siku ya nikaha alikaa mbele ya kadhi na kofia imemkaa sawasawa. Mzee mmoja wa Mombasa, mtaalamu wa kukosoa, alisimama nyuma yake akiukagua ule mstari wa vitobo. Akaniuliza ni mtindo wa wapi. Nikamjibu ni wa Lamu wa zamani, wachache tu wanaujua. Mungu anisamehe.

Kisha mwanangu akainama kumbusu mama yake mkono, akainama chini kabisa, na ukumbi mzima ukatazama. Kofia haikusogea. Nilitaka kupiga kelele. Nikapitisha mkono kichwani kutuliza moyo, nikagusa ngozi.

Baba wa bwana harusi nimekuja kichwa wazi! Kofia yangu nilikuwa nimeiacha nyumbani mezani, kando ya kopo la uzi.

Mke wangu aliniona. Akafungua mkoba wake, akatoa kofia mpya ya dukani, ingali katika nailoni, akanipa huku akiangalia pembeni. Alikuwa amemnunulia mwanawe, endapo mimi nitashindwa. Nikaivaa. Ikanishuka hadi kwenye nyusi, ikanilalia masikioni, maana mimi na mwanangu vichwa vyetu sasa ni sawa, vipara viwili.

"Ulipimaje?" nikamuuliza.

"Kwa ule uzi wako wa kwanza," akasema, na uso ukamwiva.

Katika picha zote za harusi ile nimevaa kofia imenifunika nusu ya uso. Chini yake meno yangu yote yako nje.