Mara Mbili, Halafu Unapisha

Katika chumba cha kutolea damu, kule mwisho wa korido ambako mlango unakwaruza sakafu, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Pole basi. Kabla sindano haijagusa ngozi alisema "pole", akiichomoa akasema "pole sana", na watoto walioingia wakilia walitoka wakimwiga. Alikuwa mfupi, mwenye maneno mengi, na wagonjwa walimpangia foleni hata kiti cha pili kikiwa kitupu.

Wanafunzi walioletwa kwake kujifunza aliwavua kiburi siku ya kwanza. "Mshipa usiutafute kwa macho peke yake. Weka kidole, funga mdomo, tulia." Ole wake aliyepulizia spiriti ili ikauke haraka. "Mate yako nani kakuomba?" Aliwakataza pia kumuuliza mgonjwa, "Wewe ndiye fulani?", maana mtu aliyechoka huitikia jina lolote alimradi aende zake nyumbani. Alitaje mwenyewe. Na kichupa kiandikwe jina mgonjwa akiwa bado amekaa kitini. Lakini sheria aliyoishikilia kuliko zote ilikuwa hii: ukichoma mara mbili ukakosa, unampisha mwenzako. Ya tatu haipo. Waliojaribu kumbembeleza juu ya hilo waliambulia kufukuzwa chumbani mpaka kesho yake.

Mwaka ule alikuwemo mwanafunzi waliyemwita Bucha. Mtu mzima, baba wa watoto, aliyekata nyama sokoni miaka mingi kabla ya kurudi darasani. Kwenye mkono wa plastiki hakukosa hata mara moja. Kwenye mkono wa mtu, vidole vilimtetemeka mpaka glovu zikapiga kelele. Na wagonjwa walimjua. "Huyu si ndiye aliyeniuzia mifupa mitupu?" mama mmoja aliuliza huku akishuka kitini. Chumba kizima kiliangua kicheko. Bucha naye akacheka, kisha akajifanya anapanga pamba.

Asubuhi moja, wakiwa bado wawili tu, alimwambia Mama Pole, "Mama, kesho sitakuja. Nimeshaongea na tajiri wangu wa zamani, atanipokea."

"Kesho ni kesho. Leo fanya kazi ya leo," alimjibu kwa ukali, maana moyo ulimuuma. Alikuwa amewaangalia vizuri wanafunzi wake wote, na hakumwona mwenye kidole kama cha yule bwana. Tatizo ni kwamba Bucha mwenyewe hakukiamini.

Saa nne akaingia mtu wa familia. Dada yake mkubwa Mama Pole alikuwa akitumia dawa ya kuzuia damu isigande, na kila mwezi alipimwa ili daktari ajue aipunguze au aiongeze. Tangu aanze, mkono wake haukuguswa na mtu mwingine ila mdogo wake. Safari hii alikuja amenywea, midomo imemkauka. Alikuwa ameharisha siku kadhaa, na fizi zilikuwa zikimtoka damu. Daktari alitaka majibu mchana huohuo.

Mama Pole alifunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa, akasema pole, akachoma. Hola. Akafungua mpira, akachukua sindano mpya, akahamia mkono wa pili. Mshipa ukateleza pembeni, ngozi ikaanza kuvimba. Haraka akalegeza mpira, akachomoa, akakandamiza pamba muda mrefu, maana damu ya dada yake haikuwa rahisi kukatika.

Wanafunzi wakatazama sakafu.

"Nichome tena, mdogo wangu," dada alisema. "Mimi sijalalamika."

Alitamani. Aibu ilikuwa imemshika hadi shingoni, na alijua angemsogezea mpira kidogo tu angepata. Nani angesema kitu? Wanafunzi wangejifanya hawakuhesabu. Alisimama pale ameushika mkono wa dada yake, kisha akavua glovu.

"Bucha, njoo."

"Mimi, Mama?"

"Nimekosa mara mbili. Nakupisha."

"Huyu wa nyama?" dada akashtuka. "We mtoto, unanichukia?"

"Dada, sheria nikiivunja kwako, hawa nitawaambia nini?"

Bucha alinawa mikono, akavaa glovu, akaketi. "Shikamoo, mama mkubwa. Naomba utaje majina yako kamili na tarehe ya kuzaliwa."

"Makubwa! Juzijuzi umenipimia maini, leo hunijui?"

"Sura naijua. Majina naomba uyataje."

Mama Pole akajishtukia. Miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza dada yake. Alijiandikia tu kwa kichwa, yeye aliyewapigia wengine kelele.

Dada akataja majina. Mwaka akaunong'ona, kwa kuwa kwa majirani alishajipunguzia mingi.

"Mwaka sijausikia, mama mkubwa."

Watu wakacheka, na wakati wanacheka macho yote yalikuwa kwa dada na mdogo wake. Hakuna aliyekuwa akimwangalia Bucha, na vidole vyake vikatulia. Akauteremsha ule mkono wa kwanza, akauacha uning'inie kidogo, akafunga mpira, akafumba macho. Kidole kikatembea taratibu upande wa kidole gumba, juu kabisa ya pale palipochomwa, kikasimama. Akalegeza mpira, akasafisha, akasubiri pakauke bila kupuliza. Akafunga tena. "Pole," alisema, na damu ikaingia kwenye kichupa.

Akafungua mpira kabla ya kuchomoa. Sindano ikaenda moja kwa moja kwenye boksi lake. Akavigeuzageuza vichupa polepole, akaviandika palepale, na pamba hakuiachia mpaka damu ilipokata. Mama Pole alisimama nyuma yake akitafuta cha kumrekebisha, akakosa. Mchana daktari aliisimamisha ile dawa kwa muda; damu ilikuwa nyepesi mno. Bucha hakwenda buchani kesho yake.

Mwezi uliofuata Bucha alikuwa akihudumia kiti cha pili, amevaa koti lake jeupe, mhitimu. Dada alipoingia, Mama Pole alikuwa ameshamwandalia kiti na amevaa glovu. Dada akampita.

"Usininunie, mdogo wangu. Wewe nitakukuta nyumbani," alisema, akaenda kuketi kwa Bucha na kukunja mkono wa gauni.

Ilimuuma, asidanganye mtu. Alibaki ameshika mpira asijue auweke wapi. Ndipo alipomsikia dada yake akitaja majina yote bila kuulizwa, na mwaka wake wa kuzaliwa, ule wa kweli, kwa sauti ya chumba kizima. Mama Pole akageukia ukutani, akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu ya glovu.