Mayai Niliyoyaosha kwa Sabuni

Wiki iliyopita nilikwenda kufundisha usafi wa jikoni kwenye kituo cha yatima cha misheni, huku kwetu Pemba. Ukifika pale utapenda mwenyewe. Masista na watoto wanalima muhogo na mchicha, wanafuga kuku, na karibu kila kinachopikwa kimetoka uani kwao.

Bandani nikakuta kapu la mayai yaliyochorwa mistari ya mkaa. Kuku mwenyewe alikuwa nje, anakunywa maji. Nikajiambia, watoto wamechezea chakula! Nikawaita, nikawaelekeza kwa upole: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, sugua taratibu. Mayai yakang'aa. Watoto walitazamana, lakini kwa adabu zao hakuna aliyemkatiza mwalimu mgeni.

Nikayapeleka jikoni kwa Bi Time, mpishi. "Haya, yachemshe, watoto wapate kula."

Akayageuza geuza. "Mwalimu, mkaa uko wapi?"

"Nimeuosha."

"Umeuosha! Yenye mkaa ndiyo anayoyalalia kuku. Tunayatia alama ili yale mapya wanayoongeza kuku wengine ndiyo tuyale. Hawa ndio kuku wetu wa kesho, mwanangu!"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Nimewaua?"

Bi Time akaweka yai moja sikioni, akasikiliza, kisha akaniwekea mimi. Ndani kifaranga alikuwa analia.

Nyuma yangu watoto walikuwa wameziba midomo wasicheke.

"Haya, mwalimu," akasema Bi Time, "mfundishe na huyu usafi."