Bibi Alivyoufunga Mkono wa Gloriose

Umewahi kuona mtoto wa miezi saba akihukumiwa kwa kukosa adabu?

Karibu kwetu Rugera.

Mshtakiwa ni binti yangu, Gloriose. Kosa lake, kupokea kila kitu kwa mkono wa kushoto.

Mama mkwe, bibi yake, alimpa kipande cha ndizi mbele ya wageni, mtoto akakidaka kwa kushoto. Bibi akanigeukia kana kwamba nilimfundisha tangu tumboni.

Mimi nami, mjuaji wa kijiji, nikawatangazia majirani kwamba mwanangu ana akili kupita umri wake, ameshachagua mkono. Na ile ngumi ya kulia isiyofunguka? Nikasema huyu atakuwa bahili tu.

Bibi akachana kanga kuukuu, akamfunga ule wa kushoto kutwa nzima. Mtoto akalia. Bibi akasema adabu haiji kwa kubembelezwa.

Mwaka ukatimia. Wenzake wanatambaa mpaka kwenye mikeka ya kuanikia kahawa, yeye anajikokota upande mmoja. Ujuaji ukaniisha. Niliogopa sana, nikambeba hadi hospitali.

Daktari akasema ni kiharusi, alikipata wakati wa kuzaliwa. Nikamsahihisha, bila aibu, kwamba kiharusi ni cha wazee.

"Hata vichanga hupata, mama. Mtoto wa miezi saba hachagui mkono. Ule mwingine ulikuwa unaomba msaada."

"Atatembea? Atasoma?"

"Kutembea, natumaini. Kusoma, tutamfuatilia anavyokua. Ila mngekuja mapema."

Kisha mtaalamu wa mazoezi akatoa dawa. Soksi. Tumvishe mkono wa kushoto, saa moja kwa siku, ili acheze kwa ule wa kulia.

Bibi kusikia hivyo, akashika kiuno. "Si ndicho nilichofanya?"

Ndicho, mama. Tofauti ni ndogo tu: wewe ulifunga kutwa kwa adhabu, wao saa moja kwa mchezo.

Tangu siku hiyo akajiteua daktari mkuu wa soksi. Hakosi hata siku moja.

Gloriose sasa ana miaka mitatu. Anatembea, anachechemea kidogo. Maneno yanakuja polepole.

Jumapili wageni walikuja tena. Bibi akampa ndizi. Vidole vya kulia vikafunguka, taratibu, vikaishika. Ikaanguka.



Bibi akaiokota, akaipangusa, akamwekea kwenye ule wa kushoto.

"Kula, mjukuu wangu. Mkono ni mkono."

Nikaenda kulilia jikoni.

Mwanao akipendelea mkono mmoja kabla ya mwaka, usimsifu wala usimfunge. Mpeleke hospitali. Adabu itasubiri.