Kipande cha Mwisho Tu

Mwaka wa tisini na tisa nilikuwa na kichwa kikubwa. Hospitali ndogo karibu na Nkubu ilinipa kazi ya kuhamisha kadi za wagonjwa ziingie kwenye kompyuta, nami niliandika programu kwa Python, lugha ya kompyuta ambayo hakuna niliyemjua kutoka Embu hadi Meru aliyewahi kuisikia. Kila mgonjwa alikuwa na anwani juu ya skrini, ngazi kwa ngazi, zimetenganishwa na vijistari vya mshazari: tarafa, kata, kijiji, boma, jina. Muuguzi alianza na tarafa akabofya akishuka hadi kwa mtu.

Lakini nilifanya uvivu. Programu ilisoma kipande cha mwisho tu, yaani jina, ikalitafuta katika hospitali nzima na kuleta la kwanza lililopatikana. Ngazi za juu zilikuwa pambo. Nilijaribu majina ishirini, yote yakaja sawa, nikajipongeza.

Aliyeniudhi ni karani wa kadi, mama wa makamo. Hakufungua droo kabla ya kuuliza: unatoka wapi, kijiji gani, binti wa nani, uliitwa jina la nani. Foleni inangoja, yeye anauliza ukoo! Nilimshauri matroni, mkuu wa wauguzi, kadi zichomwe Ijumaa na huyo mama apelekwe kufua mashuka, naye akakubali. Naona aibu kuliandika hili.

Alhamisi asubuhi msichana mmoja aliletwa na ndugu yake kutoka Mitunguu, mguu umevimba kwa kidonda cha panga, homa imempanda hata hajitambui. Nikiwa nyuma yake, muuguzi alishuka ngazi zote kwenye skrini. Ukurasa ukafunguka: hana dawa inayomdhuru. Akavuta penisilini kwenye sindano.

Nikasoma mstari uliofuata: watoto saba. Yule kitandani hakuonekana kufika miaka ishirini. Ukurasa ule ulikuwa wa mtu mwingine mwenye jina lake. Kwetu msichana hupewa jina la nyanya yake. Wana wanne wakizaa, nyanya mmoja ana wajukuu wanne wenye jina lake. Mimi mwenyewe nina binamu watatu tunaoitwa sawa. Nililijua hilo tangu utotoni.

Muuguzi alikuwa ameshapaka spiriti. Nilitaka kusema, lakini kusema kulikuwa kukiri mbele ya matroni, ambaye alikuwa amesimama pale pale. Nikabaki nikikodolea skrini macho.

"Sista, ngoja kwanza," karani alisema kutoka mlangoni, kadi mkononi. "Nimeuliza ndugu yake. Huyu ni binti wa yule fundi wa mifereji. Hiyo dawa ilimfunga pumzi akiwa mtoto, karibu tumpoteze."

Sindano ikawekwa chini, dawa nyingine ikatafutwa, na msichana akapona.

Mchana huo niliandika programu upya: kila ngazi iulize iliyo juu yake kama inaitambua, na moja ikikataa, ukurasa usifunguke. Karani aliketi kando yangu akinielekeza nani yuko chini ya nani, maana alijua yote kwa kichwa. Tulikuwa tumefanya kazi jengo moja miezi mitatu bila mimi kumwambia hata kwetu ni wapi.

"Na wewe," aliniuliza kwa upole, "ni wa nani?"

Nikamjibu kuanzia tarafa. Nilipofika kwa babu niliyepewa jina lake, nikageukia droo za kadi. Alikuwa bado hajaambiwa kwamba kesho, Ijumaa, zingechomwa, naye apelekwe kufua mashuka.