Puli ya Waya Iliyotoa Ulimi

Likasi yetu ya siku hizi ina waya kuliko karatasi. Mota ngapi zimekufa tangu viwanda vianze kukohoa! Pasua tumbo la moja tu, utatoa shaba nyembamba ya kufungia mtaa mzima. Ndiyo maana mwalimu wetu wa desini, somo la kuchora, alichoka kuwaomba daftari wazazi ambao mishahara yao haijulikani imelala wapi. Akasema: "Kila mutu achague kintu cha nyumbani, akifanye na waya, kwa kipimo chake kamili."

Wengine walichagua vikombe. Mimi nilichagua puli ya mashine ya shangazi ya kusaga mahindi, lile gurudumu la alumini linalozungushwa na mkanda. Nilikata waya vipande vifupi, nikavifunga pembetatu kwa pembetatu kama wavu wa samaki, mpaka gurudumu zima likatokea, tupu ndani, ukilitazama unaona upande wa pili. Halafu, kwa kuwa kazi nzuri isiyo na ujinga kidogo huniuma tumbo, nikaliongezea macho mawili na ulimi mrefu. Darasa lilicheka hadi mwalimu wa chumba cha jirani akaja kuuliza nani amekufa. Wa kwetu akanipa sifuri na nusu.

"Nusu ni ya ulimi," alisema.

Niliitundika juu ya banda la mabata na kuisahau, mpaka asubuhi moja puli yenyewe ya mashine ilipopasuka vipande vipande. Nyumbani hakuna aliyecheka, hata mimi. Sisi sote tulikula kwa mashine ile. Baba bado alivaa kofia yake ya kazi kila siku, akaenda kuuliza kama kuna mshahara, akarudi na habari za mpira. Na akina mama walishaanza kupeleka mahindi yao ng'ambo ya reli.

Shangazi akapeleka vipande kwa fundi wa mtaani, yule anayeyeyusha alumini na kuimwaga kwenye kalibu ya mchanga iwe sufuria. Mimi nilibeba. Tuliporudi kwake jioni, fundi alikuwa anajipepea, ameridhika.

"Vipande biko wapi?" shangazi akauliza.

"Nimesha kuyeyusha, mama. Yote iko tayari. Sasa unielezee: ile puli ilikuwa namna gani?"

"Unayeyusha mbele, unauliza nyuma? Ilikuwa ya mviringo!"

"Sufuria nayo iko ya mviringo, mama."

Hapo nikakumbuka ile ya waya. Nilikimbia kuileta. Fundi akaigeuzageuza, akapitisha kidole katikati, kikatokea upande wa pili.

"Hii ni wavu. Miye ninashindilia mchanga juu ya kintu kizima, ninakitoa, ninamwaga alumini mu nafasi yake. Hapa mchanga utaingia, utakaa ndani kama mugeni. Unipatie mwili. Na Jumamosi, siku ya posho, ninaenda ku ziwa Tshangalele kuuzisha wavuvi sufuria, sijui nitarudia lini."

Shangazi alinigeukia. "Weye njo ulitengeneza hii. Utaipatia mwili. Mpaka mashine itembee, utakula na mabata."

Kwanza niliivika ngozi. Nilichukua magazeti ya zamani, nikayagandisha kwa bukari laini, ugali wetu, niliyoiiba jikoni, gundi ambayo kila mtoto wa Likasi anaijua. Nikaianika juu ya banda. Lakini konjonktire, ule ukata wetu, haikuwabana watu tu. Mabata hayakusubiri nije kula nayo. Yalianza bila mimi. Nilikuta waya mtupu, ulimi nje, na bata mmoja ana kipande cha habari za siasa mdomoni, hakiwezi kumezeka.

Safari hii nikaamua kuijaza. Udongo wa kichuguu tunao, vilima vizima. Niliushindilia kwenye kila pembetatu mpaka puli ikashiba, ukiigonga, hailii. Ikakauka. Fundi akaizika kwenye mchanga, akaitoa, akamwaga alumini.

Mchanga hauna adabu, bwana. Unanakili kila unachoonyeshwa. Puli ilitoka ikiwa na kona pande zote kama nati, alama za waya mwili mzima, macho mawili na ulimi.

"Inafanana!" fundi akasema kwa fahari.

Tuliifunga. Shangazi akawasha. Ka-da, ka-da, ka-da! Kila kona iliupiga mkanda teke. Mashine ikaanza kucheza kama mtu wa harusi, ulimi ukanasa kwenye mfuko wa unga na kuuinua juu. Mashine ilipozimwa, shangazi alikuwa mweupe kuanzia kilemba, kope tu zinapepesa.

"Mayo we," alisema polepole. "Mabata nayo itakukatala."

Kesho yake niliitia puli katika mfuko, nikaenda nayo shuleni. Mwalimu aliigeuzageuza mkononi, akahesabu kona.

"Sifuri na nusu imezaa," akasema. "Puli ya shangazi yako ilikuwa na kona?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi hizi za nani?"

Nilipitisha kidole kwenye alama. "Za waya wangu. Vipande vyote vilikuwa vimenyooka."

"Na weye umejaza wavu udongo, kona na yote! Usijaze wavu. Uulizie wavu ulikuwa umbo gani mbele ya kuwa wavu."

Tukaunyoosha uzi toka katikati ya puli hadi kona moja, kisha nyingine. Urefu uleule! Kona zilikaa zote juu ya mviringo wa kweli. Ni kati ya kona na kona ndipo waya ulipokata njia ya mkato. Basi, chini ya ule msitu wa pembetatu kulikuwa na sahani moja nene, kitovu, na tundu linalopita katikati. Sahani na kitovu tulivichonga kutoka mguu wa dawati lililokufa na ubao wake. Mota ya mashine ya shule ya kuchongea mbao ilishatembea zamani kwa miguu ya wezi, kwa hiyo wenzangu waliizungusha kwa kuvuta kamba, huku wakiuliza kama wafundishe puli kupiga mluzi pia.

Nilipompelekea fundi ile ya mbao, nilimkuta anafunga sufuria kwenye kinga, baiskeli yake ya safari.

"Iko na ulimi?"

"Hapana, fundi."

"Pole," akasema, akawasha moto. Puli ya kona ikarudi kwenye chungu. Ulimi ndio uliokuwa wa mwisho kuyeyuka.

Mpya ilizunguka kimya hata shangazi akagusa mashine kuhakikisha kama inatembea. Kelele zilizosikika ni za akina mama wanaogombea nafasi mlangoni.

Usiku ule niliitwa mezani. Bukari za wengine zilikuwa laini, za mviringo, zinang'aa. Yangu shangazi alikuwa ameiminya pande zote kwa mwiko.

"Ya kwako nimeiachia kona," akasema.

Nilianza kula kona.